Mbu wa Barazani: Niliyojifunza kwa Kuketi Nje Jioni Tanga

Nyumba yetu iko Ngamiani, mjini Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, na kama nyumba nyingi za mtaa huo ina baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma. Baraza ndilo sebule yetu halisi. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa baada ya Magharibi, ndipo wageni wanapokaribishwa, na ndipo mume wangu anapocheza bao na rafiki zake. Kwa miaka mingi, hata hivyo, raha hiyo ilikuwa na masharti. Ukifika wakati wa maleleji, kaskazi ikiwa imekwisha na kusi bado haijashika, upepo hufa, masika huanza, na mbu huongezeka kiasi kwamba mazungumzo yote hukatizwa na makofi ya watu wanaojipiga vifundoni. Ilifika mahali tukawa tunaingia ndani saa moja kasoro robo, tunafunga madirisha na kuketi katika joto kama watu waliofukuzwa kwao.

Nianze kwa kukiri fedha nilizozipoteza, maana huenda nikamwepusha mtu. Kwanza nilinunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, ambacho muuzaji aliniapia kwamba hutoa sauti isiyosikika na binadamu lakini inayowatimua mbu. Siku ya pili yake nilimwona mbu ametulia juu ya kifaa hicho hicho, amenyanyua miguu ya nyuma kama mtu aliyestaafu. Baadaye nilisoma kwamba vifaa vya namna hiyo vimejaribiwa mara nyingi na havikuonekana kuwazuia mbu kuuma. Kisha nikahamia kwenye dawa za kupuliza. Hizo huua, sikatai, lakini barazani ambako hakuna ukuta wa mbele ni kutwanga maji kwenye kinu: dawa huchukuliwa na hewa, wewe hubaki unapiga chafya, na baada ya nusu saa mbu wengine wamekwishawasili. Mwisho nikategemea dawa ya kuchoma, ile iliyozungushwa kama konokono, hadi usiku mmoja kipande chake kilipodondoka kutoka kwenye kibati chake kikatoboa mkeka mpya wa ukindu tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe wangu, alipokuja kutoka Pangani kukaa nasi kwa muda. Jioni ya kwanza alitutazama tukijipiga, akasubiri hadi wageni walipoondoka, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mbu hawa hawakuja na basi kutoka Muheza. Wamezaliwa hapa hapa uani kwako."

Nilijitetea kwamba ua wangu nilikuwa nikiufagia kila asubuhi, jambo ambalo lilikuwa kweli. "Kufagia umefagia, Mama," akajibu, kwa maana huniita hivyo kila anapotaka kunikosoa bila kuniumiza, "lakini maji je?"

Asubuhi yake tuliuzunguka ua pamoja. Sisi wa Tanga mjini, kama watu wa miji mingi, huweka maji kwa sababu bomba halina ahadi, na pembeni mwa jiko nilikuwa na pipa la plastiki ambalo mfuniko wake ulikuwa umepasuka. Mama mkwe aliinama juu yake na kivuli chake kilipoangukia maji, vitu vidogo vyeusi vilivyokuwa vimening'inia juu vilizama vyote kwa pamoja, vikijipinda-pinda, kisha baada ya muda vikaanza kupanda tena kimoja kimoja. Hao ni viluwiluwi, yaani watoto wa mbu. Huishi majini lakini huvuta hewa ya juu, na ndiyo maana hupanda. Tangu siku hiyo nimejifunza hata kuwatofautisha: kiluwiluwi wa mbu wa kawaida wa nyumbani huning'inia kichwa chini, mkia ukigusa uso wa maji, ilhali wa anofelesi, anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Wa kwenye pipa langu walikuwa wananing'inia.

Jambo la kuzingatia hapa ni muda. Katika joto letu la pwani, yai la mbu huweza kuwa mbu mwenye mabawa katika muda wa siku saba hadi kumi hivi. Kwa hiyo chombo kinachomwagwa mara moja kwa wiki hakiwahi kuzaa, na chombo kinachomwagwa mara moja kwa mwezi ni shamba. Nyumbani kwetu tumeifanya kazi hiyo kuwa ya Jumamosi asubuhi. Kumwaga peke yake hakutoshi, na hili lilinichukua muda kulielewa, kwa sababu yule mbu mwenye madoadoa meupe miguuni, aumaye mchana na anayeeneza homa ya dengue, hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yarudi. Ukimwaga na kujaza tena bila kusugua, umewafanyia hisani. Sugua ukuta wa ndani wa pipa kwa brashi na sabuni, kisha ulifunike kwa kitambaa kinachobana kabla hujaweka mfuniko.

Kwa watu wanaopenda kuketi nje jioni, mbu huyo wa madoadoa ana umuhimu wa pekee. Wengi wetu tumekariri kwamba mbu ni wa usiku, hivyo hatujihami saa kumi na saa kumi na moja jioni, ambazo ni miongoni mwa saa anazouma kwa bidii zaidi. Mwaka 2019 dengue iliposambaa Dar es Salaam, wagonjwa walipatikana na huku Tanga pia, na mtaani kwetu watu walikuwa wakishangaa kwamba mtu analala ndani ya chandarua kila usiku na bado anaugua. Aliumwa barazani, jua likiwa bado linawaka.

Baada ya pipa tulikuta vifuu. Nyumba ya pwani haikosi nazi, na vifuu nilikuwa nikivilundika nyuma ya jiko kwa ajili ya kuwashia moto. Kila kilichokaa chali kilikuwa na maji ya mvua, na karibu kila chenye maji kilikuwa na viluwiluwi. Sasa navilaza kifudifudi au naviweka chini ya bati. Tulikuta pia visahani vya chini ya makopo ya maua, tairi ambalo mwanangu alikuwa akilichezea, na mfereji wa bati ulioziba kwa majani ya mwembe wa jirani. Hayo yalikwisha kwa asubuhi moja.

Kazi kubwa ilikuwa shimo la choo. Mbu wale wanaotujia baada ya giza kuingia, wenye mlio unaoudhi sikioni, ni hasa wale wanaopenda maji machafu: mashimo ya vyoo, makaro na mitaro iliyoziba. Hao ndio wakazi wakuu wa miji yetu ya pwani, na si kero tu, kwani ni miongoni mwa mbu wanaoeneza vimelea vya matende na mabusha, maradhi ambayo mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa. Fundi aliyetujengea shimo aliacha bomba la hewa wazi juu. Niliwahi kusimama chini ya bomba hilo wakati wa machweo nikaona mbu wakitoka kama moshi mwembamba, mfululizo, bila haraka. Tulipanda ngazi, tukafunga mdomo wa bomba kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, tukakikaza kwa waya. Zege la mfuniko lilikuwa na ufa, nao tukauziba kwa saruji. Gharama yote haikufika bei ya kile kifaa cha sauti.

Tulikuwa pia na shimo la zamani ambalo halitumiki, lakini hujaa maji kila masika kwa sababu maji ya ardhini Ngamiani hayako mbali. Hapo nilikumbuka jambo lililofanyika Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, ambako watafiti walimimina kwenye mashimo ya vyoo punje za polistairini, yale mapunje meupe mepesi kama bisi. Punje hizo huelea na kutanda juu ya maji, viluwiluwi wakakosa hewa, na mbu jike akakosa pa kutagia. Pamoja na dawa ya matende waliyopewa wakazi, mbu wa eneo hilo walipungua sana na ugonjwa ukapungua pia. Mimi niliomba punje kwa fundi mmoja wa samani ambaye huzijaza kwenye mito, nikamimina hadi zikatanda unene wa vidole viwili. Mpaka leo zipo. Kwa shimo linalofurika na kumwaga maji nje singeshauri, kwa sababu punje zitaishia mtaroni na hatimaye baharini.

Haya yote yalipunguza mbu, lakini hayakuwamaliza, maana majirani nao wana mapipa. Kwa hiyo nasema sasa kuhusu kuketi kwenyewe.

Chombo ambacho ningekinunua kwanza, kama ningeambiwa nianze upya, ni feni ya kawaida ya mezani. Mbu ni mrukaji dhaifu. Upepo wa wastani humshinda, na zaidi ya hapo hutawanya hewa tunayoitoa puani na harufu ya jasho letu, ambazo ndizo humwongoza hadi kwetu. Watu wengi hudhani ni taa inayomleta. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuiweka feni juu ya meza ikatupuliza usoni, huku miguu ikiendelea kuliwa. Mtu aliyeketi huumwa zaidi chini, kwenye nyayo, vifundo na miundi. Iweke feni sakafuni, iinamishe kidogo, iache izunguke kwa kasi ya kati ikipiga miguu ya wote walioketi. Rafiki za mume wangu walicheka walipoona feni inapuliza miguu. Sasa mume wangu akichelewa kuitoa ndani, wao humwita.

Wakati upepo hautoshi, au umeme umekatika, ndipo mafuta ya kujipaka yanapokuja. Soma kwenye chupa uone kama yana DEET, ile kemikali ya kufukuza mbu, na kiwango cha asilimia 20 hadi 30 kinatosha kabisa kwa baraza la jioni nzima. Paka miguuni na mikononi, usipake kwenye vidole vya mtoto mdogo anayevitia mdomoni, na mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe kabisa. Huyo mfunike kwa chandarua kidogo. Mafuta ya mchaichai yana harufu nzuri lakini huruka upesi, hivyo ukiyatumia ujue utayarudia kila baada ya muda mfupi. Mche wa mchaichai uliopandwa tu kando ya baraza haufukuzi mtu, mbu akiwamo, mpaka majani yake yasuguliwe.

Kuhusu mavazi, nina neno moja. Mbu hupenya kanga iliyobana pajani bila taabu. Kikoi kizito kilicholegea, au gauni refu la rangi nyeupe, husaidia zaidi ya watu wanavyodhani.

Na moshi? Bibi zetu walichoma makumbi ya nazi, kivumbasi na majani ya mwarobaini, na sitaki kuwakosea adabu, kwa sababu moshi huo hupunguza mbu kweli, ingawa hauwamalizi. Dawa ya kuchoma ya dukani ilianzia Japani mwishoni mwa karne ya 19 na asili yake ni pareto, ua lile lile linalolimwa nyanda zetu za juu kusini, ingawa nyingi za leo hutiwa kemikali za kiwandani zinazofanana nayo. Tofauti yangu na watu wengi ni kwamba siiwashi tena chumbani. Moshi ni moshi, na mapafu ya mtoto anayelala nao saa nane hayajui kama umetoka kwenye kuni au kwenye pakiti. Nje naiwasha, upande upepo unakotoka, juu ya sahani ya udongo yenye mchanga, mbali na mkeka.

Chumbani tunategemea wavu madirishani, wavu kwenye uwazi wa kati ya ukuta na bati, na chandarua chenye dawa. Sina haja ya kukihubiri kwa muda mrefu, kwani mkoa huu umekijua mapema: vijiji vya Muheza vilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo vyandarua vilivyotiwa dawa ya permethrini vilipojaribiwa, katika miaka ya 1980. Anofelesi huuma hasa usiku mkubwa, watu wakiwa wamelala, kwa hiyo mtu aliyepona barazani asijivune akaacha kukichomeka chini ya godoro. Kipya kianike kivulini siku moja kabla ya kukitumia, kifue kwa sabuni laini ya mche, na usikianike juani, kwa sababu jua huila dawa.

Limebaki pipa la jirani wa upande wa kushoto. Niliogopa kumwambia, kwa kuwa kumwonyesha mtu mzima uchafu wake ni kutafuta ugomvi, hadi Jumamosi moja nilipomwita aje atazame viluwiluwi wa kwenye kopo langu la maua niliowakinga kwenye glasi. Alitazama muda mrefu, akaniuliza kama wale wadogo wanaojipinda ndio hao hao, nikamwambia ndio. Hakusema neno. Baada ya dakika chache nilisikia maji yakimwagwa upande wa pili wa ukuta, kisha sauti ya brashi.