Mashine iliyohitaji maelezo

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini mashine ya gemu inaweza kutoka kampuni yenye jina kubwa na bado ikakosa wachezaji. Najua wengi watawajibu kwamba ni bei, au uhaba wa gemu. Mimi nasema ni pale mnunuzi anaposhindwa kuelewa anauziwa nini, na mfano wangu ni Wii U ya Nintendo.

Wii ya 2006, mashine iliyoitangulia, haikuwa na haja ya kuelezwa. Ukimwona bibi kasimama sebuleni anapunga rimoti kama raketi, na kwenye TV mpira wa tenisi unavuka wavu, umeshaelewa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Wii U ikaja Novemba 2012 na jina lilelile, herufi moja tu imebandikwa nyuma. Hata ilipotambulishwa Juni 2011, iliyoonyeshwa zaidi ni pedi yake ya kuchezea, ile ya kushika mkononi, yenye kioo cha kugusa cha inchi 6.2, mashine yenyewe ilikaa pembeni. Watu wakadhani ni pedi mpya ya Wii waliyonayo nyumbani. Sasa nani atoe dola 300 kwa pedi?

Ninayo moja, niliinunua ikiwa imetumika. Mpwa wangu alipoishika mara ya kwanza akauliza, "Mjomba, hii tableti?" Hapana. "Inachezewa nje?" Hapana, picha inarushwa kutoka kwenye boksi lililo chini ya TV, kwa hiyo usiende nayo mbali. "Sasa niangalie huku au kule?" Nilipokuwa bado natafuta jibu, yeye ameshachukua simu yake. (Swali la mwisho hata watengenezaji wa gemu wengi hawakulipatia jibu. Kampuni ya gemu ya Electronic Arts walipanda jukwaani 2011 kuisifu, ila hawakukaa sana.)

Jumla ziliuzwa kama milioni 13.5.

Kuhusu gemu, sikatai kwamba 2013 ulikuwa mwaka mkavu. Lakini tazameni Mario Kart 8, gemu ya mbio za magari. Kwenye Wii U iliuza nakala zaidi ya milioni 8. Mwaka 2017 wakaihamishia kwenye Switch, mashine ya Nintendo iliyofuata, barabara zilezile na nyongeza kidogo, ikapita milioni 60. Wanaosema tatizo lilikuwa gemu wanieleze hilo kwanza.