Kausha flaski kwanza: kwa mnaoanza kutengeneza aspirini

Wadogo zangu mnaoingia maabara hapa Mtwara, kabla ya kukariri C9H8O4, fomula ya aspirini, tazameni vidole vya mama anayebangua korosho bila kinga. Vimebabuka na kuwa vyeusi kwa mafuta ya ganda. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadiki, na ukiichora utakuta ni asidi ya salisiliki iliyoota mkia wa kaboni 15: pete ya benzini, kundi la kaboksili, na haidroksili jirani yake. Aspirini ni ndugu yao. Haina mkia, na pale penye haidroksili imefungwa asetili (CH3CO), ikawa esta, yaani muungano wa asidi na haidroksili.

Kuifunga hiyo asetili ndiyo kazi yenyewe, ileile aliyoifanya Felix Hoffmann pale Bayer mwaka 1897. Mnapima gramu 2 za salisiliki, mnaongeza mililita 5 za anhidridi ya asetiki, ndiyo inayotoa asetili, na matone matano ya asidi ya salfuriki kama kichocheo, kisha flaski inakaa kwenye maji ya moto dakika 15. Vaeni miwani, maana mvuke wa anhidridi unachoma macho. Mkipoza na kutia maji baridi, fuwele nyeupe hushuka. Kwa hesabu, zisizidi gramu 2.6.

Mimi mara ya kwanza sikufikisha hata gramu 1. Nilisuuza flaski nikaipangusa nje, ndani maji yakabaki. Pigeni hesabu wenyewe: mililita 1 ya maji inatosha kuimaliza anhidridi yote ile na kuigeuza asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki. Kwa unyevu wa pwani hii, usitegemee vyombo vikauke vyenyewe juu ya meza. Viingizeni kwenye oveni.

Unyevu huohuo huharibu hata vidonge. Kopo la aspirini lililoachwa wazi likinuka siki, esta imeshaanza kuvunjika, usimpe mtu.

Na msiamini weupe wa fuwele. Yeyusheni chembe chache kwenye ethanoli, dondosheni feri kloraidi. Salisiliki iliyobaki hugeuka zambarau. Zangu za kwanza zilikolea zambarau papo hapo. Za mara ya tatu, baada ya kuzifuwelisha upya, yaani kuziyeyusha na kuziacha zigande tena ziwe safi, zilibaki na umanjano hafifu wa feri kloraidi yenyewe.