Maswali ya Wasomaji: Zamu na Muda Katika Mapigano ya Mezani

Mhariri, mimi ndiye mwendesha mchezo katika kikundi chetu, na tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa kanuni za toleo la 5. Pigano likianza, huandika namba za zamu kadiri wachezaji wanavyozitaja, kisha hushindwa kujua ni nani anayefuata. Juzi mchezaji mmoja alirukwa raundi mbili mfululizo, yaani mizunguko miwili ya zamu za wote, akanuna. Nifanyeje? – Msomaji, Nairobi

Ana haki ya kununa. Katika toleo la 5, lililotoka mwaka 2014, kila mshiriki hurusha dadu ya pande 20 mara moja mwanzoni mwa pigano, huongeza nyongeza yake ya wepesi, na mpangilio unaopatikana hubaki uleule mpaka pigano liishe. Kwa hiyo tatizo lako haliko katika kanuni, bali katika karatasi: orodha iliyoandikwa kwa jinsi namba zilivyotajwa hukulazimisha kuipekua upya kila zamu inapopita. Mwandikie kila mhusika kadi yake kabla ya siku ya mchezo, na namba zikishatajwa, zipange kadi kuanzia namba kubwa hadi ndogo mahali ambapo meza nzima inaziona. Maadui wa aina moja warushiwe dadu moja, nao washike zamu pamoja. Wachezaji wakifungana namba, waamue wenyewe nani atangulie.

Wapo waendesha mchezo wanaoficha mpangilio ili wachezaji wasijue adui atashambulia lini. Binafsi siungi mkono desturi hiyo, kwa kuwa inamtwisha mtu mmoja kumbukumbu ya watu wote. Ukitaka kulinda siri, iweke mezani kadi ya adui baada ya yeye kutenda kwa mara ya kwanza. Tena, unapomwita mwenye zamu, mtaje pia anayemfuata, ili aanze kufikiri wakati mwenzake akirusha dadu.

Mchezaji wetu mwenye mhusika mchawi humduwaza adui kwa dakika 1, nasi hubishana kila mara hesabu ianzie wapi na iishie wapi. Je, nitumie saa ya simu? – Msomaji, Mwanza

Simu iache mfukoni, kwa sababu dakika hiyo ni ya wahusika, si ya wachezaji. Katika toleo la 5 raundi moja ni kama sekunde 6, hivyo dakika 1 ni raundi 10, hata kama ninyi mtatumia saa nzima kuzimaliza. Uwe mwangalifu na ushauri unaotoka katika vitabu vingine: katika Advanced Dungeons & Dragons, toleo la zamani la mchezo huu la mwishoni mwa miaka ya 1970, raundi moja ilikuwa dakika nzima, ikigawanywa vipande 10 vya sekunde 6, ilhali katika GURPS, mchezo mwingine wa kuigiza wahusika, zamu ni sekunde moja tu.

Mabishano yenu yanatokana na kuihesabu dakika hiyo kwa raundi za meza, wakati inapaswa kuhesabiwa kwa zamu za aliyeianzisha. Tuseme mchawi ana namba ya zamu 9 na adui ana 14, na mchawi anamduwaza katika raundi ya 1. Muda haumaliziki raundi ya 10 inapofungwa. Unamalizika katika raundi ya 11, zamu ya mchawi inapofika. Adui naye hujaribu kujinasua mwishoni mwa kila zamu yake mwenyewe, na kwa kuwa zamu yake ya raundi ya 1 imeshapita, jaribio lake la kwanza litakuwa katika raundi ya 2. Kabla ya hapo, kila mwenye namba iliyo chini ya 9 katika raundi ya 1, na kila mwenye namba iliyo juu ya 14 katika raundi ya 2, atapata nafasi ya kumshambulia. Na pigo linalompata aliyeduwazwa kutoka umbali wa futi 5 au pungufu huhesabiwa kuwa pigo kuu, dadu za madhara zikarushwa maradufu. Lau adui angekuwa na 5, angejaribu kujinasua ndani ya raundi ileile ya 1, baada ya wawili watatu tu kumfikia. Idadi ya majaribio ni 10 katika hali zote mbili, lakini hatari aliyo nayo kabla ya jaribio la kwanza haifanani hata kidogo.

Weka dadu ya pande 10 juu ya kadi ya mchawi, si ya adui, ikionyesha sufuri inayosomwa kuwa 10, na uipunguze kila zamu ya mchawi inapoanza. Mara nyingi haitafika mwisho, kwani mchawi akijeruhiwa na umakini wake unaoushikilia uchawi huo ukakatika, uchawi huisha papo hapo.

Je, mchezaji anaweza kusema "nasubiri", kisha akaingia baadaye? – Msomaji, Mombasa

Katika toleo la 3, la mwaka 2000, aliweza kuahirisha zamu na kushika nafasi mpya kwa pigano lote lililobaki. Toleo la 5 haliruhusu hivyo. Anaweza kuandaa tendo moja na kutaja tukio litakaloliamsha, kwa mfano mlango kufunguliwa. Tukio likitokea, hulitekeleza kwa kutumia nafasi yake ya kujibu, na lisipotokea kabla ya zamu yake inayofuata, tendo limepotea. Jambo linalochelewesha meza zaidi ni kutojulikana kama mtu amemaliza. Katika bao kete ikilala hakuna ubishi, zamu imepita. Hapa hakuna ishara kama hiyo, kwa hiyo mzoeshe kila mchezaji kutamka "nimemaliza" kabla hujamwita mwingine.