Fundi amekuzimia apdeti? Ziwashe

Mkuu, umeuliza kama ile laptopu ya Dell ya mtumba uliyonunua hapa mjini iendelee kukaa bila apdeti za Windows, kwa sababu fundi alikwambia zinakula bando na kuifanya mashine iwe nzito. Jibu langu: ziwashe. Nakueleza kwa nini, maana laptopu za majumbani ndizo ninazoletewa kila siku hapa Sakina, Arusha.

Bando ni sababu ya kweli, sikatai. Ila mara nyingi ipo nyingine ambayo fundi haisemi: Windows aliyokuwekea ni ya kuchakachua, na anaogopa apdeti ikiingia yale maandishi ya "Activate Windows" yatatokea kwenye kona, halafu umrudie na kelele. Kwa hiyo anafungua orodha ya huduma, anaitafuta Windows Update, anaiweka "Disabled", kazi imekwisha. Juzi nimefungua ya mwalimu mmoja wa Ngaramtoni: historia ya apdeti imesimama 2021, antivairasi ni ya majaribio na muda wake ulishaisha, na flashi ya mitihani inazunguka kati ya hiyo laptopu na steshenari za mtaani. Mafaili yote kwenye flashi yamegeuka shotikati. Yeye alidhani flashi ndiyo mbovu, kumbe ni kirusi.

Microsoft, wenye Windows, hutoa viraka vyake (apdeti za kuziba matundu ya usalama) Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Kiraka kikitoka, wahalifu nao wanakichambua, wanalinganisha ya zamani na mpya, wanajua tundu lilikuwa wapi. Kuanzia hapo wanaotafutwa ni waliochelewa. WannaCry, kile kirusi cha 2017 kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilikuwa hivyo hivyo: kiraka kilitoka 14 Machi, kirusi kikalipuka 12 Mei, na kikakuta mashine chungu nzima hazijaguswa, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kilikuwa kinatambaa chenyewe kutoka mashine hadi mashine kwenye mtandao, hakikusubiri mtu abofye chochote. Ndiyo maana ile hoja ya "mimi sifungui vitu vya ajabu" hainishawishi.

Sasa bando. Huna haja ya kuzima kitu. Ingia Settings, Network & Internet, bofya jina la Wi-Fi ya simu yako, washa "Metered connection". Windows itaacha kujipakulia apdeti nyingi kimyakimya, itakungoja wewe. Halafu Jumatano au Alhamisi usiku, ukiwa na bando la usiku, bonyeza Download mwenyewe, ulale. Ya kila mwezi mara nyingi huwa mamia ya MB. Inayofika GB kadhaa mara nyingi ni ile ya kupandisha toleo zima, na hiyo haiji kila mwezi.

Umeme nao uufikirie. Betri za mtumba nyingi zimechoka, na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, wakati skrini inakwambia usizime, Windows inaweza isiwake kabisa. Pakua usiku, ila Restart ya kumalizia usakinishaji ibonyeze mchana ukiwa karibu na betri imejaa. Kama betri imekufa, ibadilishe kwanza.

Bando likiwa dogo sana, anza na kivinjari, kwa sababu ndicho kinachokutana na kila uchafu wa mtandaoni. Chrome inajipakulia yenyewe, lakini toleo jipya halianzi kazi mpaka uifunge na kuifungua tena. Wengi wetu tunakunja tu mfuniko, wiki mbili tabo zile zile!

Halafu WinRAR, ile programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa. Kila mtu anayo, hakuna anayeikumbuka, na haijiapdeti. Mwaka 2023 ilikutwa na tundu ambalo ukibofya picha ya kawaida ndani ya faili lililobanwa, programu ya mhalifu inaamka badala yake. 2025 likapatikana jingine, likazibwa kwenye toleo la 7.13. Fungua Help, kisha About. Ukiona namba ya chini ya hiyo, pakua mpya kwenye tovuti yao wenyewe, usiombe ya kwenye flashi ya rafiki.

Kuna jambo moja fundi pengine hakukugusia. Kama hiyo Dell ina Windows 10, muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa uliisha 14 Oktoba 2025. Microsoft waliongeza viraka vya usalama kwa watu wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, lakini lazima ujiandikishe ukiwa na akaunti yao, na mashine iwe kwenye toleo la 22H2, la mwisho la Windows 10. Windows 11 inataka prosesa mpya kidogo, kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ndani ya mashine. Ikikataa, na wewe kazi zako ni barua pepe na kuandika, mimi ningekuwekea Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, bila kusita. Ni ya bure, na hakuna cha kuchakachua.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uweke hapa inachosoma. Na uitaje prosesa yake.