Simu Yangu Mikononi mwa Mpelelezi: Maswali ya Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka mikoa ya magharibi zinahusu polisi na simu za wananchi. Tumechagua nne, tumeficha majina ya walioziandika, na vituo walivyovitaja tumeviacha bila kuvitaja. Namba za vifungu vya Sheria ya Makosa ya Mtandao zinazotajwa hapa ni za sheria hiyo kama ilivyopitishwa mwaka 2015.

Swali: Ndugu Mwanasheria, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na pia ni admini wa kundi la WhatsApp la wanunuzi na wenye mitumbwi, ambamo tunapeana bei za mwaloni na habari za hali ya ziwa. Mwanakundi mmoja alirusha sauti akimtuhumu kiongozi mmoja kwamba amekula michango yetu. Kesho yake walikuja askari wawili waliovaa kiraia, wakaniambia niwafuate kituoni. Pale kaunta mmoja akaniambia, "Fungua simu," nami nikafungua. Aliipekua nikiwa nimesimama mbele yake. Alianza na lile kundi, akahamia kwenye mazungumzo yangu na mke wangu, akafungua picha, kisha akaingia kwenye miamala ya pesa na kusoma salio langu kwa sauti huku watu wengine wakisikia. Meseji kadhaa alizipiga picha kwa simu yake mwenyewe. Simu ilibaki kituoni, nikarudishiwa baadaye bila karatasi yoyote na bila kushtakiwa. Je, alikuwa na haki? Na je, ningeweza kukataa?

Jibu: Pole kwa yaliyokukuta, na hasa kwa hilo la salio kusomwa hadharani, ambalo halina uhusiano wowote na sauti iliyorushwa kundini.

Tuanze na Katiba ya mwaka 1977, ambayo katika Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Ibara hiyo hiyo inaiachia sheria kuweka utaratibu wa namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa, na humo ndimo ilimozaliwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015. Wasomaji wengi hudhani kwamba askari hawezi kugusa simu ya mtu mpaka awe na hati ya mahakama. Kwa sheria hii sivyo. Kifungu cha 31 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kinacholingana naye, akiridhika kwamba kuna sababu za msingi za kushuku, atoe amri ya kuingia mahali, kupekua na kukamata kifaa, na hata kuuendeleza upekuzi huo kwenye mfumo mwingine ambamo taarifa zinazotafutwa zimehifadhiwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoufikisha upekuzi kwenye akaunti zako, kwa sababu barua pepe na Facebook hazikai ndani ya simu, bali simu inazifungulia njia tu. Kifungu cha 32 kinampa mkuu huyo huyo uwezo wa kumwamuru mtu yeyote aliye na data inayohitajika katika upelelezi aitoe, na mahakama huendewa pale njia hiyo inaposhindikana.

Kwa maoni yangu huo ni uwezo mkubwa mno kuuweka mikononi mwa ofisi ile ile inayopeleleza. Huko Marekani, Juni 2014, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua katika shauri la Riley dhidi ya California kwamba polisi hawawezi kupekua simu ya mtu waliyemkamata bila kibali cha mahakama, ila kwa dharura, kwa kuwa simu ya leo imebeba karibu maisha yote ya mwenye nayo. Kwetu jaribio la kuvipinga vifungu vya 32 na 38 lilifanywa na kampuni ya Jamii Media katika Mahakama Kuu, na mwaka 2017 ikashindwa. Mkurugenzi wake, Maxence Melo, ambaye alikuwa amekataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wa mtandao wake, alitiwa hatiani Aprili 2020 katika Mahakama ya Kisutu kwa kosa la kuzuia upelelezi, akaadhibiwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kutumikia kifungo cha mwaka mmoja. Nayataja hayo ili usije ukamsikiliza mtu wa kijiweni anayekwambia kwamba kukataa hakuna madhara.

Hata hivyo, upana wa sheria hauhalalishi kila kilichofanyika pale kaunta. Amri inatolewa na mkuu wa kituo, si na askari wa kaunta wala mpelelezi mwenye haraka zake. Inatolewa kwa sababu ya kosa fulani linalochunguzwa, na kosa lenyewe ndilo linaloweka mpaka wa upekuzi. Askari aliyetumwa kutafuta ng'ombe wa wizi hana sababu ya kufungua kabati la nguo za mama mwenye nyumba. Na aliyetumwa kuchunguza sauti iliyorushwa kundini hana sababu ya kusoma mazungumzo yako na mkeo wala salio lako. Isitoshe, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka ofisa anayekamata kitu katika upekuzi atoe hati inayokiri kukipokea, yenye saini ya mwenye kitu au mwenye mahali, pamoja na mashahidi kama wapo. Simu yako ilibaki kituoni bila hati hiyo, na hiyo ni hoja yako ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote.

Umeuliza kama ungeweza kukataa. Tatizo ni kwamba hukuamriwa kwa utaratibu. Uliambiwa tu, ukafungua, na siku jambo hili likifika mahakamani utaambiwa kwamba ulifungua kwa hiari yako. Katika barua zote nilizopokea, faragha haikupotea kwa mitambo ya siri wala kwa kampuni za ng'ambo. Ilipotea namna hii hii, kwa mwenye simu kuweka kidole chake mwenyewe kwenye kioo. Kwa hiyo siku nyingine zungumza kwa adabu na bila kupandisha sauti: "Afande, sikatai kutoa ushirikiano, lakini naomba nione amri ya mkuu wa kituo, niambiwe ni kosa gani linachunguzwa na ni kitu gani kinatafutwa, na naomba nimpigie ndugu yangu au wakili." Haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki ukiwa chini ya ulinzi imo katika sheria. Imo pia haki ya mtuhumiwa kuonywa kabla ya kuhojiwa kwamba halazimiki kujibu maswali, isipokuwa yanayohusu jina lake na anwani yake.

Amri ya maandishi ikiletwa, mambo yanabadilika, kwa kuwa kukaidi amri halali ni kosa chini ya kifungu cha 22, na adhabu yake haipungui ile niliyoitaja hapo juu. Haki ya kunyamaza na wajibu wa kutoa data vinavutana, na mtu asiye na wakili asijaribu kuupima mvutano huo peke yake akiwa amesimama kaunta. Omba wakili aitwe. Asipopatikana, toa kile tu kilichoandikwa kwenye amri, uombe upekuzi ufanyike ukiwa unauona, na kabla ya kuondoka uombe hati ya kitu kilichokamatwa.

Kuhusu picha alizopiga askari kwa simu yake, upelelezi wenyewe ndio ulioharibiwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki iangalie jinsi ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na kama haujachezewa. Meseji iliyopigwa picha kwa simu binafsi, kutoka kwenye simu iliyokaa kituoni bila kuandikiwa popote, humpa wakili wa utetezi kazi nyepesi sana. Kwa upande wako, picha hizo ni taarifa zako binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaupa upelelezi wa makosa msamaha katika baadhi ya masharti yake, ila ni vigumu kuona msamaha huo unaihusu vipi simu ya mfukoni ya askari.

Hatua za kuchukua ni hizi. Mwandikie barua mkuu wa kituo, nakala kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ueleze tarehe, saa, kilichosomwa na kilichopigwa picha, uombe nakala ya amri iliyotumika na uthibitisho kwamba picha hizo zimefutwa. Usipojibiwa, mwandikie Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Unaweza pia kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, watafute wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao haina malipo. Tunza nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Barua isiyo na muhuri ni rahisi kukanwa.

Na kuhusu uadmini wako, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamlenga anayechapisha taarifa akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma. Adhabu yake ni kali, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, lakini hakimtaji mtu kwa sababu tu ya kuliongoza kundi. Ila ukiichukua sauti ile na kuirusha kwingine, umeingia mwenyewe.

Swali: Shikamoo Mwanasheria. Mimi ni mwalimu, naishi Isevya, Tabora. Wenzangu shuleni wanasema polisi wa Dar es Salaam wana mtambo wa kusoma WhatsApp ya kila mtu, ndiyo maana siku hizi hatuandiki chochote kundini isipokuwa salamu na rambirambi. Kuna ukweli?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefungwa kwa fumbo ambalo ufunguo wake uko kwenye simu ya mtumaji na ya mpokeaji tu, na kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Messenger ya Facebook ilianza kufungwa hivyo kwa watumiaji wote Desemba 2023. Kampuni inachokuwa nacho ni taarifa za pembeni, kama namba iliyosajiliwa na wakati akaunti ilipotumika. Polisi wa Tanzania wakitaka maudhui yanayohifadhiwa Marekani, sheria ya huko ya mwaka 1986 inadai kibali cha mahakama ya huko, na ombi hupita serikali kwa serikali, safari ambayo ni ndefu. Ikiwa kuna hatari ya mtu kuuawa au kuumizwa vibaya, kampuni inaweza kutoa taarifa kwa haraka zaidi.

Lakini wenzako hawaogopi bure, isipokuwa wanaogopa kitu kisichostahili. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na kampuni ya simu ya hapa nchini inajua ulimpigia nani, lini, na simu yako ilikuwa karibu na mnara upi. Taarifa hizo haziko Marekani. Nakala ya mazungumzo yako inayohifadhiwa kwenye Google Drive au iCloud haina fumbo mpaka wewe mwenyewe uliwashe, na uwezo huo umekuwepo tangu 2021: fungua mipangilio, nenda kwenye mazungumzo, kisha kwenye nakala rudufu, uweke neno la siri utakalolikumbuka. Tazama pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako, maana wapo waliofungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari wakaondoka bila kuifunga.

Zaidi ya hayo, kundi lina wanachama. Mmoja wao akipiga picha ya skrini na kuipeleka kituoni, fumbo lote limekwisha kazi, na hakuna sheria ya faragha iliyovunjwa na polisi kwa kupokea alichopelekewa.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni fundi simu, Ujiji. Askari ameniletea simu yenye patani, hana karatasi, anataka niifungue "mara moja tu". Nikimkatalia nitakuwa nimemkosea?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam. Kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, na maneno ya askari mmoja mbele ya meza yako hayawezi kuchukua nafasi ya idhini ya mwenye simu wala ya amri ya mkuu wa kituo. Mwombe amri ya maandishi, iandike simu hiyo kwenye daftari lako pamoja na namba yake ya IMEI na jina la aliyeileta, na kama amri haipo, irudishe simu kama ilivyo. Usimfanyie kazi hiyo kirafiki, hata kama ni mteja wako wa siku zote. Mwenye simu akija kulalamika, jina litakalotajwa kwanza ni la fundi.

Swali: Nikisikia polisi wananitafuta kwa sababu ya nilichoandika Facebook, nifute akaunti kwanza kabla ya kwenda? Mimi niko Nzega.

Jibu: Usifute. Kifungu cha 22 kinamwadhibu anayefuta, kubadili au kuficha data kwa nia ya kuzuia au kuchelewesha upelelezi, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili, na adhabu hiyo inaweza kukupata hata kama ulichoandika hakikuwa kosa. Tafuta wakili, kisha nenda naye kituoni.