Meya aliyepigania nauli ya senti 3

SWALI: Shikamoo anko. Juzi kwenye daladala ya Mbagala konda anabishana na abiria kuhusu nauli, mzee mmoja akadakia eti zamani Marekani kuna tajiri wa magari ya abiria alikuja kuwa meya akapigania nauli ishuke. Ni kweli au alitupiga fiksi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Mzee kasema kweli, huyo ni Tom L. Johnson, meya wa Cleveland, Ohio, 1901 mpaka 1909. Alizaliwa Kentucky 1854, akaanza kazi bado kijana kwenye kampuni ya tramu, yale magari ya abiria yanayopita kwenye reli mitaani, pale Louisville, na huko akabuni kisanduku cha nauli chenye vioo, unatumbukiza sarafu kila mtu anaona umelipa. Hela ya hicho kisanduku ndo ikamfungulia njia, akaanza kununua kampuni za tramu zake mwenyewe, akatajirika kwelikweli.

Kilichombadilisha ni vitabu vya Henry George kuhusu ardhi na umaskini. Akaingia Bunge la Marekani 1891 hadi 1895, halafu umeya. Nauli wakati ule senti 5, yeye anataka 3, na tramu ziwe za mji, kampuni zikakimbilia mahakamani kila anapogusa. Sasa hapa ndo namkubali sana, maana wenye tramu wakisema senti 3 hailipi wanamwambia mtu aliyeshika hesabu hizohizo miaka na miaka, utamdanganya nini? Kampeni alifanyia kwenye hema kubwa, analihamisha mtaa hadi mtaa, mtu yeyote anasimama anamuuliza swali. Hata vibao vya kukataza watu kukanyaga majani kwenye bustani za mji aliving'oa, watoto wakacheza.

1908 tramu zikaingia mikononi mwa kampuni aliyoiunga mkono, nauli senti 3, lakini mwezi Mei wafanyakazi wakagoma, usafiri ukavurugika, Oktoba wananchi wakapiga kura wakaukataa mpango. 1909 akashindwa uchaguzi na Herman Baehr.

Na sisi tunaojua jina daladala lilitokana na nauli, ile sarafu ya shilingi 5 tuliyoiita dala, tunaelewa senti 2 zinavyoweza kumuuma mtu anayepanda kila siku. Inaniuma mpaka leo kwamba mkataba mpya wa kuendesha tramu za mji ulipokuja kuanza, 1910, nauli ikaanzia senti 3 ileile, na Johnson keshatoka ofisini miezi michache tu. Akafariki Aprili 1911. Sanamu yake ipo Public Square pale Cleveland, kashika kitabu cha Henry George.