Kuzunguka Ziwa Victoria: Nibebe Dola au Kadi?

SWALI: Mimi na mke wangu tunakusudia kuzunguka Ziwa Victoria kwa basi mwezi Desemba, kutoka hapa Kisumu hadi Kampala, kisha Kigali na Mwanza, na kurejea nyumbani kupitia Sirari, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Tumeweka akiba ya Sh120,000. Je, ninunue dola zote hapa mjini kabla ya kuondoka, au nitegemee kadi ya benki njiani? – Msomaji, Milimani, Kisumu.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa safari yenu nisingeshauri lolote kati ya hayo mawili peke yake. Kila fedha inapobadilishwa, mbadilishaji hukata chake, na kwa kuwa mtapita katika nchi tatu zenye sarafu tatu tofauti, la kujiuliza kwanza ni mara ngapi shilingi yenu itabadilishwa kabla haijamfikia mwenye hoteli au muuza chakula.

Tuseme leo, kwenye dirisha la duka la kubadilisha fedha ninalohudumia, dola moja inauzwa kwa Sh131 na kununuliwa kwa Sh127. Mteja akinunua dola za Sh40,000 asubuhi, kisha safari ikaahirishwa akazirudisha jioni, ataondoka na takriban Sh38,800 ingawa bei haikusogea hata senti. Ninyi mkinunua dola mtakatwa hapa Kisumu, halafu mkatwe tena Kampala mtakapotafuta shilingi za Uganda. Shilingi ya Kenya inapokelewa bila shida katika maduka ya kubadilisha fedha ya Busia na Kampala, kwa hiyo ibebeni ilivyo na kuibadilisha mara moja tu. Upande wa Sirari ni vivyo hivyo.

Kigali ndiko ningependa muwe na dola, kwa sababu kadiri mnavyojitenga na mpaka wetu ndivyo bei ya shilingi ya Kenya inavyodhoofika. Dola 200 zinatosha, nazo ziwe noti mbili za mia, safi, zisizo na mkunjo mbaya wala alama ya kalamu, na ziwe za toleo jipya lenye utepe wa buluu, kwani noti kuukuu hukataliwa na noti ndogo ndogo mara nyingi hupewa bei ya chini. Msizihifadhi kwa matumaini ya kulipia chumba Mwanza: tangu Machi 2025, kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni.

Kuhusu Busia, ingieni dukani na mdai risiti. Nilipovuka hapo mara ya kwanza, kijana mmoja wa barabarani alinihesabia noti 11 za shilingi elfu hamsini za Uganda, nami nikafuata kila noti kwa macho. Nilipoketi kwenye basi nilikuta tisa. Mbili zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja ikahesabiwa mara mbili. Tangu siku hiyo fedha huzihesabu mwenyewe, mkononi mwangu, noti ikiwa imenyooshwa, na anayeniharakisha namrudishia zake.

Shilingi za Uganda zitakazobaki zibadilisheni Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, kabla ya kuvuka, na msishtuke mkipewa bunda nene, kwa kuwa noti kubwa kuliko zote ya Rwanda ni ya faranga 5,000. Sarafu za chuma nunulieni maji. Ng'ambo hakuna atakayezitaka.

Kadi nayo ina kazi yake, hasa hotelini na dharura inapotokea. Kabla ya kuondoka, iarifuni benki kwamba itatumika nje ya nchi, maana benki nyingine huifunga zikiona muamala wa ghafla kutoka Kigali, na mhakikishe kwamba laini ya simu itapokea ujumbe huko, kwa sababu nambari ya kuthibitisha malipo ya mtandaoni hutumwa humo. Kwenye ATM ada hutozwa kwa kila muamala, hivyo ni nafuu kutoa kiasi cha siku tatu kwa pamoja kuliko kidogo kidogo kila jioni. Tena, mashine ikikuuliza kama ungependa kukatwa kwa shilingi za Kenya au kwa fedha za nchi uliyomo, chagua fedha za nchi. Swali hilo huonekana kama hisani kwa mgeni, lakini ukikubali shilingi za Kenya, mwenye mashine ndiye anayepanga bei, nayo kwa kawaida ni mbaya kuliko ya benki yako.

Mke wako awe na kadi ya akaunti nyingine, katika mkoba mwingine. Hoteli ikiomba dhamana, lipeni kwa fedha taslimu mkiweza, kwani kiasi kinachozuiwa kwenye kadi ya akaunti ya kawaida hakitatumika hadi hoteli ikiachilie, na huenda mkawa mmeshafika Mwanza fedha zenu zikiwa bado zimefungwa Kigali.